Kona ya Nyumba za Mpui

Dada Tumaini, shikamoo. Upepo wa Ufipa unapenya mpaka mifupani, ila maharage ya huku ni matamu.

Hapa Mpui tunapima viwanja vya kijiji kipya. Mstari wa nyumba ulinyooka, lakini vyoo vingekaa mlimani, na chemchemi ya maji ya kunywa iko chini yake. Nikamwomba bwana mpimaji tuupinde mstari. Akajibu:

"Binti, mkubwa akipita na Landrova anatazama mstari, siyo chemchemi."

Mpimaji alipokwenda Sumbawanga, nikahamisha vigingi pamoja na akina mama wa kijiji. "Akiuliza, tutasema ng'ombe walivikanyaga," wakacheka.

Leo amerudi, akaiona kona. Nimemwambia ni mimi. Huenda nikafukuzwa kazi, nikafika nyumbani kabla ya kadi hii. Nitandikie kitanda, na uwabusu watoto.

Mdogo wako,
Neema