Nyuzi Zinazolisha Nyota

Kalemie, Jumapili

Yaya Mwanamisi, dada yangu mpendwa,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kongolo, na kwamba shemeji ameacha kubishana na redio. Sisi huku tunapumua, isipokuwa kuna jambo nitakueleza taratibu, maana hata mimi sijalizoea.

Mwezi uliopita niliwafundisha wanafunzi wangu jinsi nyota zinavyozaliwa. Kwenye mawingu baridi ya angani, gesi hujipanga kama nyuzi ndefu, na kwa nyuzi hizo hutiririka mpaka pale zinapokutana. Hapo hurundikana, hujikaza kwa uzito wake yenyewe, na nyota huanza. Wakanikodolea macho tu. Basi nikanunua nyuzi za nyavu zilizotoka Kigoma, na Yasmine, mke wangu, na mimba yake ya miezi sita, akakaa mkekani akanifungia mafundo yote, akinicheka kwamba Mungu hakuhitaji nyuzi za Kigoma. Tukazitundika darasani. Yaya, walielewa! Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Wiki hii Yasmine amelazwa. Daktari alisema mtoto ni mdogo kuliko miezi yake. Damu haipiti vizuri kwenye kitovu, chakula hakimfikii. Niliuliza tufanye nini. Akasema kumtoa sasa ni mapema mno, Yasmine apumzike, nao watampima tena. Yaani tungoje.

Mama mkwe hakungoja. Aliniuliza mbele ya wagonjwa ni mwanaume gani anayempa mwenye mimba nyuzi afunge mafundo. Akasema, "Njo weye ulifunga mutoto," yaani ni mimi niliyemfunga mtoto tumboni. Nilimjibu kwa heshima kwamba kitovu hakijui habari za nyavu. Nilieleza vizuri, hata muuguzi akaitikia kwa kichwa.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Jana mchana, shule ikiwa tupu, nilipanda juu ya dawati nikafungua mafundo yote. Yasmine hukaza sana. Mengine nilitumia meno. Siamini hata kidogo mambo hayo, Yaya, lakini sikuacha hata moja. Kisha nilikimbia hospitali, nikaweka mkono tumboni mwake. Mtoto hakucheza. Yasmine aliniuliza mbona mdomo unatoka damu, nikasema nimejiuma.

Leo amecheza, kidogo sana. Kesho sijui.

Mama usimwambie bado. Nisalimie shemeji, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu. Na kama unajua kitu kingine chochote cha kufungua, niandikie upesi.

Mdogo wako,
Chabani