Milioni Moja na Moja

Segerea, 4 Machi 2024

Mwanangu Bupe,

Habari za huko Kawe? Sisi hapa wazima, mguu wangu tu ndio unasumbua nikisimama sana. Simu zangu hupokei, basi nimempa kaka yako Romani akuletee bahasha hii. Ndani kuna kijitabu changu cha hesabu cha watoto wa tuisheni, kinakwenda kwa mchapaji mwezi wa saba. Naomba ukihakiki. Katika ukoo huu hakuna mwenye jicho la namba kukushinda.

Ni mimi baba yako.

Kawe, 19 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Pole na mguu. Mie mzima, kazi tele.

Nimefika ukurasa wa kumi na nne nikakifunga. Umeandika tena kwamba 1,000,001 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe! Baba, kweli? Ni witiri, sawa. Ukijumlisha tarakimu zake unapata mbili, kwa hiyo tatu haiingii. Ukiisoma kutoka kulia au kushoto ni ileile. Lakini tasa si tasa. Ni 101 mara 9,901. Zidisha mwenyewe, kalamu unayo.

Niliandika hivyohivyo, kwamba si tasa, mwaka 2009 kwenye mashindano ya hesabu ya wilaya, na wewe ndiye uliyetunga na kusahihisha. Ukanipa sifuri. Swali lilikuwa la alama kumi. Gibson, yule niliyekuwa nashindana naye, alinipita kwa alama nne, akaenda yeye kambi ya taifa ya hesabu. Nilipokuonyesha nyumbani ukasema mitihani haijadiliwi mezani. Nikaacha hesabu, leo napanga mafaili ya watu. Nimechoka, Baba. Unataka nihakiki nini?

Mwanao, Bupe.

Segerea, 11 Mei 2024

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana.

Nilipotunga swali lile niligawanya kwa namba tasa zote za kwenye jedwali nyuma ya kitabu. Jedwali liliishia 97. Hakuna iliyoingia, nikaridhika. Iliyofuata ilikuwa 101. Ningegawanya mara moja tu zaidi!

Ila si hilo ninalotaka kukuambia. Mwalimu Revelian, niliyekuwa naye ofisi moja, aliliona jibu lako kabla matokeo hayajabandikwa. Tukazidisha pamoja ofisini. Nilijua, Bupe. Nikajiona nimesimama mbele ya walimu wa wilaya nzima nabadilisha jibu, na anayepanda ni binti yangu. Wangesema nimempendelea. Nikamwomba mwenzangu anyamaze.

Na ule ukurasa niliuacha vile makusudi, ili wewe ukosoe, nami nikubali kama vile ndiyo kwanza naona. Nina aibu.

Baba yako.

Kawe, 2 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Leo habari za afya siulizi.

Miaka kumi na mitano nilidhani hukujua. Nilikuwa nakutetea kwa Romani: mzee kakosea, ni binadamu. Kumbe ulijua, na kila siku ukakaa ukala na mie! Nina hasira.

Kijitabu nimekihakiki. Kuna makosa mengine sita, nimeyazungushia. Ukurasa wa kumi na nne sijaugusa. Huo usahihishe mwenyewe ubaoni, mbele ya hao watoto, na uwaambie ni nani aliyepata.

Jumamosi nakuja kukaa dawati la nyuma. Usianze kabla sijafika.

Mwanao, Bupe.