Kazi ya Kukaa Kitako

Kambi ya wavuvi, upande wa Mbwera, Rufiji

Mke wangu Somoe,

Kabla sijasema lolote nakuulizia hali. Hujambo? Mwajuma hajambo, na meno yake ya mbele yameshatoka? Mama yako miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili wangu mzima, nakula na nalala. Moyo usiuulize. Barua yako iliukuta vingine na imeuacha vingine.

Mwalimu aliyekuandikia ana mwandiko mzuri, lakini maneno yale si ya kwako, nayajua ya kwako. Ameandika kwamba mjomba wako amesema nirudi Nkowe kabla ya mvua za kwanza nishike jembe, au nitoe talaka. Ati kaka yako Bakari alikuja huku, akaona kwa macho yake kwamba sina kazi: nakaa kitako ndani ya gogo kutwa, nimeshika kamba. Na tena ati nilimkata mkono kwa kisu. Nilisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka.

Basi namwomba mwalimu huyo huyo aisome barua hii uani kwenu, mjomba akiwepo, mama akiwepo, na mlamu wangu Bakari akiwepo, asiende kuchungulia mbuzi. Mwalimu, usiruke mahali kwa kuona haya. Soma yote.

Nianze na hilo la kukaa, kwa sababu ni kweli. Nakaa. Mto huu ukikaribia bahari haubaki mto mmoja, unagawanyika vijito vingi, na kando ya kila kijito kuna miti ya mikoko iliyosimama ndani ya tope, mizizi nje. Chini ya mizizi hiyo kuna mashimo, na ndani ya mashimo anakaa chewa. Ni samaki mnene, mdomo mpana, mkubwa wake hubebwa na watu wawili kwa mti. Hafukuzwi wala hazungukwi kwa wavu, maana wavu utanasa mizizi. Anafuatwa kwa mtumbwi, polepole, wakati maji yamesimama, hayajai wala hayapwi. Unashusha mkizi mdogo aliye hai kwenye ndoano, karibu na mlango wa shimo. Kisha unakaa. Ukigonga ubao, anasikia. Ukisimama, kivuli chako kinamfikia kabla ya chambo.

Na akimeza, hakimbilii mbali kama samaki wengine. Anageuka arudi kwake. Toka chambo mpaka shimoni ni pima moja tu, na pima hiyo moja ndiyo kazi yangu yote. Ukimwachia akaingia, anatanua mashavu anajikaza kama kabari kwenye mpini, mshipi unasagwa na mizizi, umekosa samaki na ndoano. Mwaka wa kwanza, katika kila chewa kumi waliomeza ndoano yangu nilipandisha watatu. Sasa napandisha saba. Hao wanne waliozidi sikupewa na baba wala na mjomba wa mtu. Kazi ya karanga ya Wazungu ilipoisha pale Nachingwea, wenzangu tuliokuwa nao stoo tukihesabu madebe ya mafuta walirudi kwa mama zao. Mimi nilikuja huku, sijui hata kuogelea, nikapigia watu makafi mpaka nikachonga mtumbwi wangu mwenyewe. Mshipi nausokota kwa mikono yangu na kuuchemsha na magome ya mkoko ili chumvi isiuozeshe. Nani wa Nkowe alikuja kunishikia hata ncha ya uzi?

Sasa habari ya Bakari. Nilimpokea kama mlamu anavyopokewa. Alikula, akalala, akapumzika safari. Asubuhi yake tukatoka watu watatu: yeye katikati, mimi mbele, na nyuma Athumani, Mndengereko ninayevua naye, ameshika pondo la kusukumia mtumbwi. Nilimwonya Bakari asisimame na asigonge mtumbwi. Tukafika, tukatulia chini ya mikoko.

"Mlamu, tunaanza lini?" akaniuliza.

"Tumeshaanza."

"Tumeanza nini, na tumekaa?"

"Sema polepole. Chewa anasikia."

"Masikio yake yako wapi?" Akagonga kiko chake kwenye ubao, ko ko ko, kumwaga majivu.

Athumani akasema, "Mgeni anabisha hodi. Hatakaribishwa."

Tukahama shimo hilo, tukaenda la pili. Bakari akakaa kidogo, akaanza tena. "Kwa hiyo ndiyo hii kazi iliyokufanya umwachie dada yangu jembe peke yake? Hata kuku wa mama anayeatamia huinuka akanywe maji!"

Nilinyamaza, Somoe. Nilinyamaza kwa ajili yako, na kwa ajili ya chewa.

Maji yaliposimama kabisa akataka mshipi. "Nipe na mimi niikamate hiyo kamba, nikirudi niseme nimefanya kazi." Sikupenda, lakini ni mlamu, nikampa. Nikamwambia, na Athumani ni shahidi: ushike kwa vidole, usiuzungushe mkononi. Akaitikia ndiyo, ndiyo. Nikageuka kutafuta chambo kwenye kikapu. Nyuma yangu namsikia Athumani anacheka: "Ninyi Wamwera mkiona kamba mnafikiri mwisho wake kuna mbuzi!" Kutazama, kaka yako ameshauzungusha mshipi kiganjani mara mbili, kama mtu anayekwenda kumfunga beberu malishoni.

Kabla sijafungua mdomo, chewa akameza.

Mtumbwi ulilala ubavu. Maji yakaingia kwa Bakari, yakaja kwangu. Akapiga ukelele, "Mlamu, ananivuta!" Mkono wake ulikuwa tayari majini hadi kwapani, na uso wake karibu unagusa maji. Athumani alijitupa upande wa pili kutuweka sawa. Mimi niliushika mshipi mbele ya mkono wa Bakari nikavuta nimpe nafasi aufungue, hakuweza. Ulikuwa umeshazama kwenye nyama. Nikavuta tena, na samaki akapanda. Nilimwona, Somoe. Mgongo wenye madoa, mpana kama mlango wa jikoni kwenu. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuona mwingine kama yule. Angetosha kujaza kichanja changu chote cha kukaushia. Ulibaki mvuto mmoja tu apande mtumbwini.

Nikatoa kisu nikakata mshipi.

Mshipi, nasema. Siyo mkono. Mwalimu, sasa simama kidogo kusoma. Mwombe Bakari akunjue kiganja, watu wakitazame. Kovu la kisu huenda njia moja. La Bakari linazunguka mkono, mbele na nyuma, mara mbili. Mjomba amewahi kuona kisu kinachokata namna hiyo?

Naendelea. Nilichana shuka langu nikamfunga, nikamkalisha kambini hadi kidonda kilipokauka, na siku hizo Athumani alivua peke yake. Alipoondoka nilimpa matita matatu ya samaki mkavu, ng'onda niliyoipasua na kuitia chumvi mwenyewe. Barua yako inashukuru kwa matita mawili. Hilo moja sitaki lirudishwe. Nataka tu mjue kwamba mimi nahesabu, hata nikiwa nimekaa.

Mjomba, shikamoo. Sikubishii heshima yako. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na neno ni la mjomba. Mimi mwenyewe ni mjomba wa watoto wa dada yangu kule Mtua, nalijua hilo. Lakini nilipooa kwako nilihamia kwako kama inavyotakiwa, nikalima misimu miwili, chakula ghalani kwako na mimi mikono mitupu. Ule mteremko wa korosho uliokuwa visiki vitupu nani aliving'oa? Nasikia sasa unaitwa shamba la Bakari. Sikudai wakati ule, wala sidai leo. Ila ukisema sijui kazi, kaa ukiutazama mteremko ule ndipo useme. Na hiyo ng'onda mliyoila msimu wa njaa, mtama ulipoungua, mlidhani inaota kichakani?

Somoe, sasa nasema na wewe.

Jembe sirudi kulishika kwa mtu mwingine. Na talaka sitoi kwa barua. Mjomba wako anajua vizuri anachoniomba: nikiitoa, Mwajuma anabaki kwao na mimi nitakuwa mgeni anayepita njiani, mtoto anaulizwa, "Yule nani?" naye hajui. Nimelifikiria hilo mpaka nikakosa chewa wawili mfululizo, mimi ninayewapata saba kwa kumi.

Huku sikufichi kulivyo. Mbu ni wengi. Maji ya kunywa yanaletwa kwa mtumbwi kutoka juu, na yakichelewa tunagawana. Hakuna ndugu yako hata mmoja. Lakini nimejenga chumba cha miti ya mikoko juu ya nguzo, maji ya bamvua, hata yakijaa kabisa, hayafiki sakafuni, na mlango unafungwa kwa ndani. Kando ya kijiji kuna ardhi inayoota mpunga bila kubembelezwa. Ukitaka kulima utalima, na mavuno yatakuwa yako.

Korosho zitakapoanza kudondoka, kabla ya hizo mvua za mjomba, nitakuja Nkowe. Sitalala. Nitasimama uani mchana, watu wote wakiwa macho, nikuulize mara moja kama utafuatana nami na Mwajuma. Ukisema ndiyo, tunaondoka na lori la siku hiyo hiyo. Ukisema hapana, talaka nitaitamka palepale, nimuage mtoto wangu, nirudi kwenye kazi yangu. Lakini iwe kwa sauti yako. Ya mjomba naijua, ya Bakari nimeichoka, na mwalimu huyu, Mungu amlipe, hawezi kuniandikia unachokitaka wewe.

Mnisalimie mama mkwe, naye aikande miguu kwa maji ya moto yenye chumvi, wazee wa huku ndivyo wafanyavyo. Salamu kwa bibi yako mzaa mama, aliyenipikia ugali wa kwanza nilipohamia kwenu na hakunihesabia. Dada yangu akipita kutoka Mtua kwenda mnadani, mwambie wanawe nawakumbuka wote. Bakari naye nisalimie. Athumani anauliza mkono wake umeponaje, na anauliza kwa wema. Mwajuma mnyanyue juu kidogo kwa niaba yangu.

Mwalimu, ahsante. Ikunje barua wewe mwenyewe, umpe Somoe mkononi.

Ni mimi mumeo, hadi wewe mwenyewe utakaposema sivyo,

Hamisi wa Mtua