Tanuru la Baba Limetoa Chuma

Kijiji cha Kate,
Nkasi.
Jumapili, 8 Agosti 1993.

Kwako kaka yangu mpenzi Wilibrodi,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini baada ya kazi, maana huko Mtowisa jua halina adabu. Goti lako linaendeleaje? Wifi Angela hajambo? Na wajukuu? Binti yako Tereza alipita hapa mwezi uliopita akitokea Chanji, akaniambia mpunga wenu umekubali mwaka huu na kwamba wewe bado unabishana na majirani zako Wasukuma juu ya ng'ombe wao kuingia shambani. Nilicheka. Kama bado unabishana, basi u mzima.

Sisi huku hatujambo. Baridi tu ndiyo inatukomoa. Nimenunua koti la mitumba, zito, la mwanamume wa Kizungu mwenye tumbo, na nikilivaa kwenda kanisani Padre hunitazama mara mbili. Ulezi umejaa ghalani. Mwanangu Fortunata anasalimu. Kwa kawaida yeye ndiye huniandikia, lakini hii ya leo nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, nilivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo usicheke herufi zangu. Kuna neno humu ambalo sikutaka lipitie mkono wa mtu mwingine kabla ya kukufikia.

Kaka, najua ukiliona neno tanuru utataka kuikunja barua hii. Nakusihi usiikunje. Miaka arobaini na minne hujakanyaga Kate, tangu siku ile ya mwaka 1949 tanuru la baba lilipofunguliwa likatoa takataka badala ya chuma, na wazee wakasema wewe ndiye uliyevunja mwiko, kwamba ulitoka kambini kwa wafua chuma ukaenda kulala kwa mkeo. Ukaondoka na wifi mkashuka bondeni. Hata baba alipokufa hukupanda kuja kumzika. Kila mwaka nimekuandikia urudi, na kila mwaka umenijibu kwa mistari mitatu, mmojawapo ukiwa wa hali ya hewa. Safari hii nina sababu mpya, nawe utanisikiliza mpaka mwisho.

Mambo yalianza kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuja na gari dogo kununua vitu vya zamani. Siku hizi kila kitu ni ruksa, si unajua, watu wananunua na kuuza hata visivyouzika. Huyu alikuwa akikusanya majembe ya kale, nyundo za wahunzi na vigoda, akibadilisha kwa redio na vitenge, kisha anavipitisha Tunduma kwenda huko nje. Habari zikafika Dar es Salaam, na Idara ya Mambo ya Kale ikamtuma ofisa kuja kuorodhesha kilichobaki Ufipa kabla hakijaisha. Barua ya serikali ilisema ofisa ataanza na ilungu, lile tanuru la marehemu baba yetu, kwa sababu ndilo pekee huku kwetu lililosimama zima, refu kuliko watu wawili, na mdomo wake wa juu haujabomoka.

Sasa sikia uhodari wetu. Mwenyekiti wa kijiji, yule Steven mtoto wa Oswaldi, aliitisha mkutano akasema ni aibu mgeni wa serikali kukuta tanuru lina nyufa na mbuzi wamelala ndani. Mgeni akija, nyumba si inasiribwa? Basi wanawake tukaitwa, na nani angeongoza kama si mimi? Tulichota udongo wa kichuguu tukaukanda vizuri, tukalisiriba tanuru nje na ndani. Jirani yangu Justina, kwa kuwa ni mwembamba, tulimsukuma apite mlango mkubwa wa chini akasiribe kuta za ndani, akatoka huko amekuwa kama chungu kipya. Nje nikachora maua kwa udongo mweupe. Kaka, lilipendeza! Mtu angeweza kuolewa mle ndani.

Ofisa alikuja. Kwanza ni mwanamke, anaitwa Jane, kijana wa miaka kama thelathini, amevaa suruali na viatu vya kupandia milima. Alishuka garini akitabasamu, akaliona tanuru, akashika kichwa. Aliuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyefanya hivi. Wote tukanyoosha mikono kwa fahari, tukidhani atatupongeza. Akatueleza kwamba kitu cha kale kinalindwa na sheria ya nchi, kwamba kukigusa bila kibali ni kosa, na ufa wa zamani una maana yake kwa wanaojua kuusoma. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Mwenyekiti aligundua ghafla kwamba yeye siku ile alikuwa amesafiri. Jane alituangalia, akayaangalia maua yangu, kisha akashindwa kujizuia akacheka mpaka machozi. Tangu hapo nikampenda.

Alieleza kwamba matanuru ya kale sana yanalindwa bila kuuliza, lakini la baba lilijengwa enzi za Wajerumani, kwa hiyo ili liingie kwenye orodha ya taifa lazima amwandikie waziri, aonyeshe thamani yake. Na kwa kuwa tumekwisha kulivuruga, afadhali tuliwashe, wazee wafanye kazi yote tangu mwanzo, yeye aandike na kupiga picha kabla wajuzi hawajaisha duniani. Wajuzi wenyewe ni wawili tu, Romani na Baltazari. Ndiyo, Romani yuleyule aliyekunyooshea kidole. Ana miaka sabini na tano na meno manne, na sauti yake haijapungua hata kidogo.

Hapo ndipo walipokwama. Mwiko unasema mwanamke asikaribie tanuru likiwa linawaka, na mwenye kalamu na kamera ni mwanamke. Walikaa kikao asubuhi nzima. Mwishowe wakatoa uamuzi kwamba kwa siku hizo Jane atahesabiwa kuwa mzee wa kiume, na wakaanza kumwamkia shikamoo baba. Alijibu marahaba bila kupepesa macho. Sisi wengine tukaambiwa tubaki nyumbani.

Wakapakia mkaa, mawe ya chuma na magogo, wakatia mirija ya udongo kwenye matundu ya chini, wakawasha. Siku tatu moshi ulipanda. Siku ya nne asubuhi wakafungua mlango, na kilichotoka ni mavi ya chuma matupu, meusi, yaliyoshikana kama ugali ulioungua. Nilizisikia kelele za Romani nikiwa nyumbani kwangu. Alisema ni huyu mwanamke, serikali haiwezi kumgeuza mtu kuwa mwanamume kwa mhuri. Alisema ni kama mwaka 1949, daima kuna mtu wa kuharibu. Akalitaja kosa lako mbele ya kijiji kizima, na wakamwambia Jane aondoke pale tanuruni. Gari la idara lilikuwa limrudishe Jumamosi, naye alikuwa ameanza kufunga mizigo, macho mekundu, kwa sababu bila chuma hana la kumwandikia waziri.

Kaka, nilivaa koti langu nikaenda. Nilisimama katikati ya wanaume nikasema niliyoyasema. Nayo ndiyo haya, nayarudia kwako wewe ambaye ulistahili kuyasikia wa kwanza.

Mwaka 1949 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimesikia kwamba mkilimaliza tanuru mnaliimbia nyimbo za harusi kama bi harusi, nami nikatamani kumwona bi harusi huyo. Nikajificha kwenye majani marefu nyuma ya kichuguu, siku mbili, nikimdanganya mama kwamba naokota kuni. Nilimwona baba asubuhi akiziba ufa mkubwa kwa udongo mbichi, tangu mdomoni hadi chini. Udongo haujakauka mkaanza kupakia, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika na mlikuwa na haraka. Na wewe nilikuona. Ulipotumwa kijijini kuchukua chumvi, safari ileile waliyokushtakia, nilikufuata nyuma kwa mbali, maana niliogopa kurudi nyumbani peke yangu. Uliingia jikoni kwa mama, ukapewa chumvi, ukageuza palepale. Hukufika kwa wifi Angela. Hukukaribia hata mlango wake.

Mimi niliyajua hayo siku walipokushtaki. Nilikuwa nimekaa karibu na mama, nikisikia wifi akiapa mbele ya baba kwamba hukufika kwake, na wanawake wakimcheka. Neno langu moja lingetosha. Lakini ningelisema, wangeniuliza nilikuwa wapi nikaona, na moyoni niliamini kwamba mimi ndiye niliyeharibu, msichana aliyetazama asichotakiwa kutazama. Niliogopa kipigo cha baba. Kisha baba akafa, na nikaendelea kuogopa kwa mazoea tu. Nimekuacha uzeeke bondeni kwa kosa ambalo si lako, na kila mwaka nakuandikia rudi nyumbani, rudi nyumbani, wakati ufunguo uko mfukoni mwangu. Nisamehe, kaka. Sina la kujitetea.

Nikamaliza kusema. Halafu Baltazari, ambaye husema mara chache, akaenda akaugusa ukuta wa tanuru, akakwangua kwa ukucha, na chini ya ngozi ngumu udongo ulikuwa bado una maji. Ule tulioukandika sisi, vidole vitatu unene, ndio uliokunywa joto la moto. Akamwonyesha Romani. Romani akauponda udongo ule kiganjani, akaunusa, akakaa chini kabisa. Aliniuliza kama nina hakika kwamba baba aliziba ufa siku ileile ya kupakia. Nikamwambia nilihesabu hata ndoo, zilikuwa nne.

Jane alikimbilia wilayani kwenye simu ya upepo, akapewa wiki mbili zaidi. Tulilikausha tanuru kwa moto mdogo siku sita. Kisha nikasema jambo la mwisho, kwamba kama kosa lilikuwa udongo, basi sisi wanawake tutakaa pale tuone kwa macho yetu, na kama chuma kikikataa mnilaumu mimi peke yangu. Nilidhani watanifukuza. Romani akasema kaeni, lakini mlete pombe. Nikaleta mitungi miwili ya ulezi, ile ninayopika mwenyewe. Wanawake wa Kate tulikaa mbele ya ilungu likiwaka siku tatu mchana, tukiimba zile nyimbo za harusi ambazo kumbe sote tulikuwa tunazijua tangu utotoni. Sikuwa peke yangu niliyejificha kwenye majani! Justina alisema mama yake pia alijificha.

Kaka, jana asubuhi walifungua. Lilitoka bonge la chuma, wanaume wawili walilibeba kwa miti, jekundu bado kwa ndani. Watu walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Mimi nililia kwa sauti, koti na yote, na Jane alinikumbatia akanipaka majivu usoni. Mimi nilikuwa pale, nimesimama hatua tano kutoka mlangoni, na chuma kimetoka. Maana yake sikuharibu mimi. Na wewe hukuharibu.

Baadaye Jane alifungua daftari la serikali kuandika habari za tanuru. Aliandika jina la baba kama fundi mkuu. Akauliza ni nani mrithi wake katika kazi hii, atakayeombwa ushauri na idara na kutunza tanuru kwa niaba ya taifa. Ni Romani aliyejibu. Alisema andika Wilibrodi. Jane akauliza yuko wapi huyo Wilibrodi, na Romani akasema yuko Mtowisa, mimi ndiye niliyempeleka huko. Kisha akaniomba nikuandikie kwamba yeye hawezi tena kushuka ule mteremko, magoti yamekwisha, la sivyo angekuja mwenyewe kukuomba radhi kwa mdomo wake.

Barua hii anakuletea Vitus, dereva wa lori linalofuata mpunga. Anapanda tena Alhamisi, na nimemwambia viti viwili vya mbele asimpe mtu mwingine, hata akiwa diwani. Mwezi wa tisa wazee wanataka kuwasha tena kabla ya mvua, na wanasema hawaanzi mpaka mwenye tanuru afike. Lakini kama hasira yako kwangu ni kubwa usije kwa ajili yangu. Njoo kwa ajili ya kaburi la baba, mimi nitakaa jikoni mpaka uniite.

Nisalimie wajukuu wote, kila mmoja kwa jina lake, na yule mdogo umwambie bibi yake wa Kate amepigwa picha na serikali. Fortunata, Justina na Baltazari wanakuamkia. Mungu akulinde, na akupe safari njema.

Naomba pia umsomee wifi Angela barua hii yote, polepole, usiruke mahali. Mwambie leo baada ya misa wale wanawake waliomcheka, waliobaki hai, wamekuja nyumbani kwangu wakaniagiza nimwandikie kwamba alisema kweli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Klementina