Kilio nyuma ya vioo vitatu

Ragnhild, usihamie ile nyumba yako mpya kabla hujasoma hii.

Nilimlaza mwanangu Sindre nje kwenye kigari chake cha kitoto, kwenye baridi, kama huku kwetu tunavyowalaza watoto wote mchana. Nikawa ndani nakanda unga. Kimya. Nikasema leo kalala vizuri.

Mara jirani, mzee Torleif, akasukuma mlango: "We mama, umekuwa kiziwi? Mtoto kalia mpaka sauti imemkauka!"

Nikageukia dirisha. Mdomo wa Sindre wazi, uso mwekundu, sauti hakuna. Dirisha moja lina vioo vitatu vilivyopangwa pamoja, Ragnhild, kama yale ya nyumba yako mpya! Joto halitoki, na kilio hakiingii.

Sasa amelala kifuani kwangu. Mume wangu analalamika: "Madirisha yote wazi, unapasha joto mtaa mzima?" Acha upate joto.

Wako ukimlaza nje, usifunge dirisha. Mimi kila nikifumba macho nauona ule mdomo.