Faksi ya Ijumaa kutoka Mbeya

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na nianze na shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi pokea salamu tu, mimi ni mama wa makamo, naishi hapa Mazwi, Sumbawanga, ni Mfipa wa upande wa Matai, mume wangu Mbonile ni mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na kazi ya serikali akiwa kijana na hakuondoka tena, tumejaliwa binti mmoja, Atusaye, ambaye naye kazi imempeleka hukohuko Mbeya, na swali langu kwa ufupi ni kama duka dogo la steshenari kama letu linahitaji mashine ya faksi au halihitaji, lakini nikiuliza hivyo tu utanijibu kwa neno moja na neno hilo halitanisaidia, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Mume wangu alikuwa karani, na kwa miaka mingi chumba cha faksi cha ofisi yao kilikuwa mikononi mwake, ingawa yeye haiiti faksi, anaiita nukushi, na ukisema faksi anakusahihisha mbele za watu. Wakubwa walikuwa wanasimama mlangoni kwake wakingoja karatasi itoke, na nadhani hakuna furaha nyingine aliyowahi kuipata kama ile. Alipostaafu, ofisi ikapiga mnada vifaa chakavu, akainunua mashine ileile na kuileta dukani kwangu. Nasema kwangu kwa sababu duka nililifungua mimi kwa maharage ya shamba nililoachiwa na baba yangu kule Matai, nikipanda na kuvuna na kusukuma magunia kwa baiskeli wakati yeye anafunga tai. Akaiweka katikati ya kaunta, akaingiza simu ya mezani, akaifunika kwa kitambaa nilichofuma kwa ajili ya redio, na fotokopi yangu ikasogezwa pembeni karibu na ndoo ya kudekia.

Mshauri, hakuna aliyekuja kutuma faksi, watu wanakuja na simu mkononi wanataka kutumiwa kwenye WhatsApp, wanataka kuskani vyeti, wanataka kuombewa ajira mtandaoni, na yeye anawaambia hapa si kijiweni, nendeni kwa Evans, na kweli wanakwenda kwa Evans ng'ambo ya barabara, kijana mwenye kompyuta moja na kibanda cha bati, na foleni yake mimi naiona kuanzia asubuhi. Fotokopi ilipoharibika nikasema tununue ile mashine moja inayochapa, inayotoa kopi na inayoskani, akasema mashine inayofanya kila kitu haijui kitu, na akaniambia wateja wakiwa wamesimama, "Mama Atusaye, wewe kaa na maharage yako, mawasiliano ni fani."

Nikachukua ufagio, kama nilivyozoea. Lakini nilimwona anaanza kukonda, anafungua duka, anafunua kitambaa, anakaa, jioni anafunika, na msimu wa upepo ulipofika akawa anakaa pale na koti hata chai hanywi, nikaingiwa na huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniponza. Nilimpigia Atusaye nikamwambia pale kazini kwenu si kuna faksi, mtumie baba yako hata salamu. Akatuma. Siku hiyo Baba Atusaye alikula ugali na samaki mzima wa mgebuka, lakini kesho yake akasema salamu za mtoto si kazi. Basi mimi na binti yangu tukamtengenezea kazi. Tukamtunga mteja, tukampa jina Bi Brightness, ofisa ununuzi, na kila Ijumaa Bi Brightness akawa anatuma faksi kuulizia bei za kuchapa hiki na kile, mimi nikisema maneno kwenye simu na Atusaye akiandika. Faksi ya Bi Brightness ni ileile ya ofisi ya Atusaye, lakini baba yake hakuitambua namba, hajawahi kuuliza hata mtoto wake anafanya kazi gani hasa.

Tulifika mahali pa kuagiza kadi za mwaliko wa harusi, nikatoa hela yangu ya maharage ili Bi Brightness alipe, Baba Atusaye akazipeleka kadi kuchapwa mjini, zikasafiri kwa basi hadi Mbeya, na Krismasi Atusaye akazirudisha ndani ya begi la nguo kwa sababu hana pa kuziweka, na sasa ninalala juu ya kadi za harusi ya watu ambao hawajazaliwa.

Sasa sikiliza nilivyopatwa. Baba Atusaye siku za Ijumaa ananyoa ndevu. Anavaa koti la suti. Anajibu kwa barua ya kiofisi yenye kumbukumbu namba na "Husika na mada tajwa hapo juu," anaisoma kwa sauti kabla ya kuituma, na akimaliza ananiambia, "Yule mama ana adabu ya ofisi, anajua kuheshimu kazi ya mtu, si kama watu wengine." Watu wengine ni mimi. Maneno yale anayoyasifia ni yangu, mimi ndiye niliyesema andika kwamba tunauthamini uvumilivu wako, mimi ndiye niliyesema andika kwamba kazi yako ni safi, na yeye anayabandika ukutani kisha ananigeukia kuniuliza kwa nini sijafagia mbele ya duka. Nina wivu na mwanamke niliyemtunga mwenyewe, mshauri, cheka ukitaka, mimi sicheki.

Na sasa ameamua tufungue tawi Matai, karibu na ofisi za halmashauri, tuweke nukushi nyingine kule ziwe zinapelekeana nyaraka, na ili tupate mtaji anataka niuze lile shamba la baba yangu. Nilipokataa alileta rafiki yake Mzee Zephania, mstaafu mwenzake, akafungua faili la faksi za Mbeya mbele yake akasema, "Shemeji yako anasema hakuna biashara. Hii ni nini?" Mzee Zephania akaniangalia akasema, "Shemeji, mwache mwanamume afanye kazi anayoijua." Nikainamisha kichwa kwa sababu ushahidi ule niliutengeneza mimi. Mwisho wa mwezi anasafiri kwenda Mbeya, eti akamshukuru Bi Brightness ana kwa ana na kumwalika kwenye ufunguzi, na amemwambia Atusaye ajiandae kumpeleka hadi ofisini kwa huyo mama. Atusaye ananipigia analia.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni la wiki iliyopita. Bi Brightness alimuuliza duka limeanzaje, swali nililiweka mimi, nilitaka tu kujua atasema nini. Alijibu, Atusaye akanisomea, kwamba duka hili lilisimamishwa na mke wangu kwa jembe, na bila yeye mimi ningestaafu nikawa si kitu. Hayo amemwambia mwanamke asiyemjua, kwa maandishi na mhuri juu. Mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu ujana na sijawahi kuyasikia. Badala ya kufurahi nilipata hasira ambayo hadi leo haijatoka kifuani.

Nimeshapanga. Mzee Zephania akija tena nataka nizitoe zile kadi chini ya kitanda nizimwage juu ya kaunta, niseme yote, nimwone uso wake. Nataka aumie kama nilivyoumia. Je, nifanye hivyo, au niuze shamba ninyamaze, au kuna njia nyingine? Na je, faksi ina faida yoyote au nimeibeba bure?

Ni mimi niliyechoka, Mazwi. Jina langu naomba ulifiche.

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Mazwi, umeniomba nifiche jina lako kisha ukamtaja mume, binti, jirani, mtaa na shamba. Majina yote nimeyabadilisha mimi, isipokuwa la Bi Brightness, kwa kuwa huyo hana wa kumlalamikia.

Nianze na la faksi maana ndilo jepesi. Duka lako haliihitaji. Wewe mwenyewe umesema hakuna mteja wa kweli hata mmoja aliyekuja kuiomba, na mashine ambayo hakuna anayeiulizia ni fanicha, tena fanicha inayolipiwa bili ya simu kila mwezi. Nunua ile mashine moja uliyotaka kuinunua. Fungua barua pepe ya duka, tafuta laini ya simu ya duka peke yake isichanganywe na ya nyumbani, na mafaili ya wateja ukishayachapa uyafute. Akitokea siku moja mtu mwenye ofisi inayong'ang'ania faksi, zipo huduma za kuituma kupitia mtandao bila kumiliki waya. Evans hakukushinda kwa akili. Alikushinda kwa sababu hakuwafukuza watu.

Na shamba usiuze. Hilo halina mjadala, usiliweke hata kwenye mazungumzo.

Sasa tuje kwako. Nimekuonea huruma, na nimekukasirikia pia. Mume wako amekudharau mbele ya wateja kwenye duka la jasho lako, na ile ya kukuambia ukae na maharage yako nimeisoma mara mbili nikitafuta namna ya kumtetea, sikuipata. Lakini mama, ulipoona mashine haiingizi kitu ungeweza kusema hapana, duka ni lako. Hukusema. Ulichagua kumbembeleza kama mtoto anayepewa usukani wa gari bovu ili atulie, na sasa unashangaa amekanyaga mafuta. Faili lile mnalogombania wewe na yeye ni kazi ya mikono yako. Yeye ni mjeuri, sawa, lakini kuhusu Mbeya hajakudanganya, wewe ndiye uliyemdanganya, na ukamtumia binti yenu, ambaye sasa analia kwa kosa la kuwatii wazazi wawili kwa wakati mmoja. Mtoe huko leo hii. Mwambie asitume tena hata mstari mmoja.

Kumwaga kadi mbele ya Mzee Zephania, usithubutu. Najua unavyoutamani huo uso. Utauona mara moja, utakuridhisha mpaka jioni, kisha utaishi nao miaka yote iliyobaki, uko mezani unakula. Mwanamume aliyeaibishwa mbele ya rafiki yake juu ya kitu pekee alichokuwa anakijua hatakuja kukuambia lile la jembe. Atakufa nalo.

Na hilo la jembe ndilo lililonikalisha na barua yako. Unasema limekuuma kwa kuwa alimwambia mwingine. Mama, alimwambia nani? Aliyeuliza ulikuwa wewe. Maneno ya kuthamini kazi yake yalikuwa yako, wala hukuwahi kumwambia kwa mdomo, ukayapitisha Mbeya ndipo yarudi Mazwi. Naye la kwake akalipitisha hukohuko. Watu wawili mnaopishana kwenye ndoo ya kudekia mmetumia waya wa simu unaovuka mkoa ili kuambiana asante. Sijui nicheke au nilie, lakini sitakudanganya kwamba ni jambo zuri. Ni la kusikitisha sana.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje mwisho wa mwezi, asipande basi kwenda kumtafuta mtu asiyekuwepo huku binti yake akimzungusha mjini. Ijumaa hii hii, akishanyoa na kuvaa koti lake, nenda dukani mapema kabla wateja hawajaja, rudisha mlango, ukakae upande wa kaunta wanakosimama wateja. Kadi ziache nyumbani. Mwambie mashine haitalia leo, na umwambie kwa nini, kuanzia siku alipoacha kunywa chai. Usimwombe msamaha kwa namna ya kumsahaulisha dharau zake. Zitaje nazo, moja moja, taratibu. Kisha mwambie shamba haliuzwi na kaunta inapangwa upya. Akitaka kazi, watu wa Sumbawanga bado wanahangaika kuandika barua za kiofisi zinazosomeka, na zile barua zake za kumbukumbu namba kuna watakaolipia, ilimradi asiwafukuze.

Siwezi kukuahidi kwamba ataelewa. Pengine atanuna hadi mavuno, pengine atahamia chumba cha Atusaye, na pengine atamkumbuka Bi Brightness kwa muda mrefu kuliko utakavyopenda, kwa sababu alikuwa mteja wake wa pekee na umemwondoa. Hiyo ni gharama yako, ilipe bila kulalamika.

Lakini akikuuliza yule mama wa Mbeya alikuwa nani, usimtaje binti. Mtazame usoni, umwambie, "Nilikuwa mimi."