Keki ya Muhogo ya Bibi Harusi

Nyarubungo, Biharamulo

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na maharage, mvua imeyaacha salama? Sisi huku ni wazima, na wajukuu zako wanakuamkia. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuna neno ambalo kwenye simu ningelimeza.

Jumamosi iliyopita nilipika keki ya harusi ya Benedicta, mwalimu wa hapa kijijini. Alikuja kwangu mwezi mmoja kabla, akafunga mlango, akaniambia kwamba hospitali walimkataza ngano maisha yake yote. Akila kipande tu cha chapati, tumbo humlaza siku tatu. Na unajua harusi za siku hizi, bwana humlisha bibi keki mbele ya watu wote. Mama mkwe wake alikuwa ameshasema kwamba mke anayekataa keki ya mumewe anaanza ndoa kwa dharau. Benedicta alikuwa ameamua kuila na kuugua kimyakimya.

Nilimwambia hataugua. Alipoondoka ndipo nikaogopa.

Nilichukua unga wako wa muhogo. Keki ya kwanza nilipima kama ninavyopima ngano, ikawa nzito kama ugali uliolala. Ya pili nilitumia unga wa mchele mtupu, ikamomonyoka kama mchanga. Ya tatu nikachanganya unga wa aina zote mbili, nikaongeza mayai na ndizi mbivu za kuponda ili ishikane, nikauacha mchanganyiko unywe maziwa kwanza ndipo nikautia jikoni. Nilinunua hata chekeche na sufuria mpya, vumbi la ngano lisimfikie. Ikaumuka, mama. Ikakatika bila kumeguka.

Siku ya harusi, Elick alimlisha mkewe. Benedicta alitafuna polepole, macho kwangu, kisha akamwambia mumewe, wote tukisikia, "Niongeze." Mama mkwe alikula vipande viwili, akaja kuniuliza unga ule unauzwa duka gani.

Nikamjibu, "Hauuzwi dukani. Mama yangu anautwanga mwenyewe, Murusagamba." Nilisema kwa sauti, kichwa juu.

Sasa lile neno. Miaka sita hii unaponitumia unga na kuniuliza kama tumeula, nimekuwa nikikudanganya. Niliona aibu wateja wakute unga wa muhogo nyumbani kwa fundi keki. Nilimpa jirani awapikie nguruwe wake. Hata debe la unga nililopikia keki ile lilikuwepo kwa sababu tu jirani alikuwa amesafiri. Nisamehe, mama. Nilikuwa mjinga.

Watu wa harusi mbili wameshaagiza keki ya namna ile, na unga umekwisha. Naomba mwingine, na safari hii uje nao mwenyewe. Hujawahi kuonja keki yangu hata moja.

Msalimie kaka Novatus na wote wa pale kilimani. Mungu akutunze mpaka nikupokee hapa.

Mwanao wa Murusagamba,
Bonifasia